Maji yakishaingia ndani: fedha ya kwanza iende wapi

Ukuta wa nyumba nyingi za Nalasi, huku kusini mwa Tunduru, huanza kuliwa na maji chini, kwenye nusu mita ya kwanza kutoka ardhini. Lakini mvua ikikatika, fedha zinakwenda kwenye rangi na lipu ya sebuleni, mahali wageni wanapoona. Mwaka unaofuata lipu ile ile inabanduka, na mwenye nyumba anamlaumu fundi. Fundi hana kosa. Maji hayajazuiwa njia yao.

Kabla ya fedha kuna usalama. Zima umeme kwenye meni swichi. Mwenye sola achomoe waya wa betri. Ukuta wa tofali bichi uliolowa hadi magotini usiuegemee wala usilaze watoto karibu nao, maana mara nyingi huanguka mvua ikiwa imeshaacha, wakati watu wamerudi ndani. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 na kuathiri zaidi ya watu 200,000 nchini. Kulala kwa jirani usiku mmoja hakugharimu kitu. Piga picha za ukuta na vitu vilivyoharibika kabla hujafagia, kisha mpelekee taarifa mtendaji wa kijiji, maana tathmini ya maafa huanzia kijijini.

Mahindi yaliyolowa nayo hayangoji. Yaanike siku hiyo hiyo, na yale yaliyokwisha kuota ukungu yatupwe, hata kama roho inauma. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na kuchemsha ugali hakuiondoi. Godoro lililolowa maji ya mvua tupu linaweza kukaushwa kwa jua kali la siku kadhaa. Lililolowa maji yaliyopita kwenye choo cha shimo, usilirudishe kitandani.

Sasa hesabu. Bei za dukani zinapanda na kushuka, na za Nalasi zina nauli ya kutoka Tunduru mjini ndani yake, kwa hiyo nitapima kwa mifuko ya saruji na siku za kibarua. Wewe weka bei ya wiki hii. Chukua nyumba ya mita 7 kwa 9, yenye upenu wa nusu mita kila upande. Paa lake linafunika mita za mraba 80. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 50 itashusha lita 4,000 kutoka paa hilo, na kama lina pande mbili, lita 2,000 zitadondoka kwenye mstari mmoja mbele na nyingine 2,000 nyuma, nusu mita tu kutoka ukutani.

Hapo ndipo pa kuanzia. Chimba mchirizi chini ya mstari wa matone, uelekee bondeni na usipite karibu na kisima. Udongo unaotoka ushindilie kwenye mguu wa ukuta uwe kibaraza kinachoinama kwenda nje. Ni kazi ya watu wawili kwa siku moja au mbili, na kama familia ina jembe na nguvu, hakuna kinachonunuliwa. Sijaona matengenezo mengine yanayorudisha faida kubwa hivi kwa gharama ndogo hivi, lakini ndiyo yanayorukwa zaidi, kwa sababu hayaonekani kama maendeleo.

Baada ya hapo ndipo lipu. Mfuko mmoja wa kilo 50, ukichanganywa sehemu moja ya saruji kwa tano za mchanga, unapiga kama mita za mraba 10 kwa unene wa sentimita moja na nusu. Kuta zote za nje za nyumba yetu, ukitoa milango na madirisha, zitakula mifuko 7 au 8. Mkanda wa sentimita 60 kuzunguka chini utakula mifuko 2 tu, nao unakinga sehemu inayorushiwa tope. Kwa nyumba ya tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo, ningechukua mkanda bila kusita. Kwa tofali bichi, nisingeweka saruji kabisa: lipu ngumu hupasuka juu ya ukuta laini, maji yanaingia kwenye ufa na hayapati pa kutokea, ukuta unaoza kwa ndani huku nje ukionekana mzima. Huko kandika kwa udongo uliochanganywa na mchanga na majani makavu, urudie kila kiangazi. Ni rahisi zaidi, na ukipata dosari utaiona mapema.

Gata na tangi ni chaguo zuri la tatu. Upande mmoja wa paa letu unajaza tangi la lita 1,000 kwa mvua ya milimita 25 tu. Maana yake tangi litafurika mara nyingi kila msimu. Bila bomba la kupeleka ziada mbali, umekusanya maji yote ya upande mzima na kuyamwaga kwenye kona moja ya msingi.

Bati linalovuja, kagua misumari kwanza. Msumari uliopigwa bondeni badala ya mgongoni, au uliopoteza mpira wake, ung'oe, ziba tundu kwa lami na kipande cha bati, gharama ndogo. Kama bati limekula kutu, badilisha, na hapo usidanganywe na bei: geji 32 ni jembamba kuliko geji 28, namba ikipanda unene unashuka. Kwa nyumba ya kuishi ningenunua geji 28 upande mmoja mwaka huu na upande wa pili mwaka ujao, kuliko geji 32 kote kwa mara moja.

Kikwazo ni kalenda. Fedha za korosho huanza kuingia kuanzia Oktoba minada ikifunguliwa, na mvua inafuata karibu nyuma yake. Bati unaweza kulipiga Novemba kwa siku mbili. Tofali huwezi, zinafyatuliwa na kuchomwa kiangazi, na nyasi za kuezekea hukatwa kiangazi hicho hicho kabla ya moto wa nyika. Kwa hiyo anayehitaji kujenga upya ukuta ulioanguka aweke akiba fedha za korosho hadi Juni, na msimu huu wa mvua atumie nguvu zake kwenye mchirizi, kibaraza na mifuko miwili ya saruji.