Mguu ukifa ganzi ghafla usikandwe: saa ndizo zinazouokoa

Hebu fikiria, msomaji, umeamshwa saa nane za usiku na maumivu makali ya mguu mmoja. Hukuanguka wala hukujikwaa. Jioni ulikuwa mzima, ukatembea kutoka kituo cha matatu hadi nyumbani bila shida yoyote. Sasa mguu huo, kuanzia gotini kwenda chini, ni baridi kana kwamba umetolewa kwenye barafu. Umepauka, na vidole vimeanza kufa ganzi.

Katika nyumba nyingi za mijini, yanayofuata yanajulikana. Mmoja ataleta dawa ya kuchua, mwingine atachemsha maji na kutia chumvi, na wa tatu atasema ni mshipa tu umekaza, tungoje kupambazuke. Asubuhi mgonjwa hupelekwa kliniki ya mtaani, hudungwa sindano ya maumivu na kurejeshwa nyumbani. Ikitimia siku ya pili mguu umepiga weusi, na daktari wa hospitali kubwa hana jingine la kuwaambia jamaa ila kwamba lazima ukatwe.

La kusikitisha ni kwamba mguu kama huo, laiti ungefikishwa mapema, huenda ungeokolewa kwa kifaa chembamba kuliko kalamu ambacho kimekuwa mikononi mwa madaktari tangu 1961. Kifaa hicho ni katheta yenye puto nchani. Si mashine ya kisasa ya mamilioni, na si lazima kitumiwe na daktari aliyetoka ng'ambo.

Donge latoka wapi?

Neno katheta wengi wetu tunalijua kutokana na ule mpira wa kutolea mkojo wodini. Hiyo ni katheta moja tu. Mrija wowote mwembamba unaoingizwa mwilini kupitia njia yake au kupitia mshipa huitwa hivyo.

Mishipa ya damu nayo ni ya aina mbili. Ateri hutoa damu moyoni na kuipeleka viungoni, na vena huirudisha. Vena ya mguu ikiziba, mguu huvimba na kuwa na joto. Hilo pia ni hatari, kwa kuwa donge laweza kupanda hadi mapafuni, lakini si habari yetu ya leo. Ateri ikiziba ghafla, mguu hauvimbi mwanzoni. Hunyimwa damu tu, ukaanza kufa.

Mara nyingi donge lenyewe halikuanzia mguuni, bali moyoni. Moyo unapopiga ovyo bila mpangilio, vyumba vyake vya juu havikamui damu sawasawa. Damu hutuama humo kama maji ya mtaro ulioziba, na damu inayotuama huganda. Kwa wazee hali hii huletwa sana na shinikizo la damu lililoachwa miaka mingi bila tiba. Hapa kwetu hata vijana hupatwa nayo, kwa sababu ya homa ya baridi yabisi, ile inayoanza kwa maambukizi ya koo utotoni na kuacha vali za moyo zikiwa zimekakamaa.

Kipande cha donge kikimeguka, husukumwa na damu hadi kinapokwama, hasa pale ateri inapogawanyika: kwenye kinena au nyuma ya goti. Kikielekea juu badala ya chini, hukwama ubongoni, na hapo tunasema mtu amepatwa na kiharusi. Kwa hiyo mguu uliokufa ganzi ghafla na mdomo uliopinda ghafla huweza kuwa ndugu wa tumbo moja.

Wapo pia ambao ateri zao zilikuwa zimekwisha kuwa nyembamba kwa sababu ya sigara na kisukari, na damu ikagandia papo hapo. Hao kwa kawaida walikuwa wakisumbuliwa na maumivu ya ndama za miguu kila watembeapo.

Kidole cha glavu

Kabla ya 1961, daktari aliyetaka kutoa donge ndani ya ateri ya mguu alilazimika kupasua mahali pengi, pengine toka kinena hadi kifundoni, akilitafuta. Upasuaji ulichukua saa nyingi. Wagonjwa, ambao moyo wao ulikuwa mbovu tangu mwanzo, wengi walikufa au wakapoteza mguu vilevile.

Aliyeliona jambo hilo kwa uchungu ni kijana mmoja wa Cincinnati, Marekani, aitwaye Thomas Fogarty. Alifiwa na baba yake akiwa mdogo, na tangu umri wa kwenda shule alifanya kazi katika hospitali ya Good Samaritan mjini humo, kwanza akisafisha vifaa, baadaye akimpa daktari vyombo katika chumba cha upasuaji. Daktari Jack Cranley, bingwa wa mishipa, ndiye aliyemtia moyo asomee udaktari.

Fogarty alichukua katheta nyembamba ya njia ya mkojo, akakata ncha ya kidole kidogo cha glavu ya mpira, akaivisha kwenye ncha ya katheta ili iwe puto. Tatizo likawa gundi. Wakati huo hapakuwa na gundi iliyoweza kushikamanisha mpira na plastiki hiyo. Lakini Fogarty alikuwa mvuvi wa mtoni, hodari wa kufunga chambo za manyoya kwenye ndoana kwa uzi mwembamba. Akalifunga puto lake kwa mafundo yale yale ya wavuvi, nalo likashika.

Katheta hiyo ilitumiwa kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza mnamo 1961, na maelezo yake yakachapishwa katika jarida la wapasuaji mwaka wa 1963. Katheta zinazouzwa leo hutengenezwa viwandani, lakini ukimwonyesha fundi wa 1961 ataitambua mara moja.

Kazi ya puto

Mgonjwa kwanza hupewa heparini, dawa ya kuzuia damu isizidi kuganda. Kisha hutiwa ganzi kwenye kinena. Wengi hubaki macho, na hilo ni jambo kubwa kwa mtu ambaye moyo wake hauwezi kuvumilia dawa ya kulaza usingizi.

Mpasuaji hufungua ngozi kidogo, huifikia ateri, huibana juu na chini ili damu isimwagike, na kuitoboa tundu dogo. Hapo huingiza katheta puto likiwa limenywea. Husukuma polepole hadi ncha ipite donge na kutokea upande wa pili. Ndipo hulijaza puto kwa maji safi ya chumvi, kiasi kidogo mno, kisha huivuta katheta nje huku puto likilikokota donge, kama mtu anayetoa kizibo kilichotumbukia ndani ya chupa.

Ujuzi wote uko kwenye vidole vya mpasuaji. Akijaza puto kupita kiasi atachubua ukuta wa ateri au kuipasua. Akilijaza pungufu, litaliruka donge. Hurudia mara kadhaa, hadi katheta inatoka mikono mitupu na damu inarudi kwa nguvu. Kisha hushona. Ikiwa muda haujapita, unyayo hurudiwa na rangi na joto mbele ya macho ya waliomo chumbani.

Kwa nini tunasisitiza saa? Msuli na neva za mguu huvumilia njaa ya damu kwa muda wa saa sita hivi. Baada ya hapo uharibifu usioweza kurekebishwa huanza. Hata kufungua mshipa uliochelewa kuna hatari, kwani taka zilizorundikana katika msuli uliokufa huingia kwenye damu zote kwa pamoja, zikaweza kusimamisha moyo au kuharibu figo. Jamaa wengi hukasirika wanapoambiwa, "Hatutalitoa donge, tutakata." Huwadhania madaktari wavivu. Pengine daktari huyo anaokoa roho, kwa kuwa mguu umekwisha kwenda.

Ubongoni saa zinakimbia zaidi

Wazo la kuvuta donge lilichukua zaidi ya miaka 40 kufika ubongoni. Mwaka wa 2004 Marekani iliidhinisha kifaa cha kwanza cha aina hiyo, waya uliojikunja kama kizibuo cha chupa. Tangu 2012 nafasi yake ilichukuliwa na vijineti vya waya. Katheta huingizwa kwenye kinena au kifundo cha mkono, hupandishwa hadi kichwani daktari akiitazama kwa eksirei, kijineti hufunguliwa ndani ya donge, likanaswa na kuvutwa nje. Mara nyingine hutumiwa mrija wa kulifyonza.

Mwaka wa 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Uholanzi uliohusu wagonjwa 500 wa kiharusi ambao ateri kubwa ya ubongo ilikuwa imeziba. Baada ya siku 90, katika kila wagonjwa 100 waliotibiwa kwa katheta pamoja na tiba ya kawaida, 33 hivi waliweza kujitegemea. Katika waliopata tiba ya kawaida peke yake walikuwa 19. Matibabu hayo yalianza ndani ya saa sita. Tafiti za 2018 zilionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wanaweza kusaidiwa hata ndani ya saa 24, iwapo picha zinaonyesha bado ipo sehemu ya ubongo iliyo hai.

Tuseme ukweli hapa. Tiba hiyo ya ubongo inahitaji chumba maalumu na daktari maalumu. Nchini Kenya hupatikana katika hospitali chache mno, na gharama yake huwashinda wengi. Katheta ya puto ya mguu ni tofauti. Inahitaji mpasuaji anayejua mishipa, chumba cha upasuaji cha kawaida, na mgonjwa aliyefika mapema. Kinachokosekana mara nyingi ni hicho cha tatu.

Ufanye nini

Jizoeze kupima mpigo wa mguu ukiwa mzima. Weka vidole viwili nyuma ya kifundo, upande wa ndani, au juu ya unyayo kwenye mstari ulio kati ya kidole gumba na kinachofuata. Wapo watu wazima wa afya wasio na mpigo huo wa juu, kwa hiyo linganisha miguu yote miwili. Mguu ukiuma ghafla, ukawa baridi kuliko mwenzake na mpigo haupo, usingoje asubuhi.

Usiukande, usiuweke kwenye maji ya moto wala karibu na jiko. Ngozi iliyokufa ganzi huungua bila wewe kujua. Andika saa maumivu yalipoanza. Nenda hospitali yenye mpasuaji, si kliniki ya karibu tu, na ukifika sema wazi: "Mguu ulianza ghafla saa fulani, ni baridi, nashuku mshipa umeziba." Ukiwa na tatizo la moyo, litaje mapema.

Kwa kiharusi, tazama uso uliopinda upande mmoja, mkono unaodondoka ukiinuliwa, na maneno yanayokorogeka. Usimpe mgonjwa chakula wala maji, kwani yaweza kumpalia. Usimpe aspirini pia, kwa sababu viharusi vingine hutokana na mshipa uliopasuka, na bila picha ya CT hakuna awezaye kuvitofautisha. Sindano ya kuyeyusha donge hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na hizo huisha upesi katika foleni ya magari ya jioni.

Aliyeokolewa mguu hupewa dawa ya kuzuia damu kuganda, mara nyingi warfarini, pengine maisha yake yote. Wapo wanaoiacha baada ya mwezi kwa kuwa mguu umepona. Lakini moyo uliotoa donge la kwanza haujabadilika, na donge la pili huenda likapanda juu. Warfarini ikizidi huleta kutokwa na damu, ikipungua haizuii kitu, na huchanganyika vibaya na dawa nyingi, za duka na za miti shamba. Mwanamke anayetarajia kupata mimba anapaswa kumwambia daktari mapema, kwani yaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kabla ya kutoka wodini, uliza damu yako itapimwa tarehe gani, na katika kliniki ipi.