Kwa Nini Maji Hula Makaa Mengi

Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo kila mwenye jiko la makaa hulilipia fedha kila siku, yaani joto linaloingia katika maji.

Kwanza tutenge mambo mawili. Moja ni ukali wa joto, ambao tunaupima kwa digrii za kipimajoto. La pili ni wingi wa joto. Tieni msumari motoni hata uwe mwekundu, kisha utumbukizeni katika ndoo ya maji baridi. Msumari ulikuwa na ukali kupita maji yanayochemka, lakini ndoo nzima haipati hata uvuguvugu. Ukali ulikuwapo, wingi haukuwapo.

Wingi wa joto hupimwa kwa kilokalori. Kilokalori 1 ni joto linalotosha kupandisha kilo 1 ya maji kwa digrii 1. Vitabu vya shule vya siku hizi hutumia kilojuli, na kilokalori 1 ni kama kilojuli 4.2.

Basi, si kila kitu hutaka joto sawasawa. Kilo 1 ya mafuta ya kupikia hutaka karibu nusu tu ya joto linalotakiwa na maji. Kilo 1 ya chuma hutaka kama sehemu moja katika tisa. Tabia hiyo ya kila kitu huitwa joto mahsusi, na ya maji ni kubwa sana. Ndiyo sababu, kwa moto uleule, mafuta hupata moto upesi kuliko maji. Tena hayakomi kwenye digrii 100. Hupanda kupita 200, yakatoa moshi, hata yakashika moto. Msiache karai la mafuta jikoni peke yake.

Sasa tufanye hesabu. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Ikiwa maji yana digrii 25, nayo pwani huchemka kwenye digrii 100, yatapanda digrii 75. Kwa hiyo yanataka kilokalori 75.

Je, yakiisha kuchemka, mkizidisha moto yatazidi ukali? La. Joto lote linaloongezwa hufanya kazi ya kugeuza maji kuwa mvuke. Kuigeuza lita 1 yote kuwa mvuke hutaka kilokalori 540, yaani zaidi ya mara saba ya zile zilizoyachemsha!

Hapa ndipo fedha zinapopotelea. Maharage yanayochemka polepole na yale yanayotokota kwa kishindo yamo katika ukali uleule wa joto, nayo huiva kwa muda uleule. Kishindo kile ni makaa yanayotoka dirishani kwa umbo la mvuke. Basi sufuria ikichemka, punguzeni moto, na funikeni, ili mvuke usitoroke na joto lake. Na kwa chai ya vikombe viwili, msijaze birika.

Kabla ya kuagana, jaribuni hesabu hii: lita 3 za maji ya digrii 25 zinataka kilokalori ngapi ili zifike digrii 100? Aliyepata 225 ameelewa somo.