Gundi Mahali pa Uzi

Kola ya shati haisimami kwa uzi peke yake. Ndani huwekwa kitambaa kigumu chenye punje za gundi kavu. Mashine hukibana kwa joto la nyuzi 130 hivi kwa sekunde chache, gundi ikayeyuka na kushika. Hapo hatari kubwa ni kuungua mikono.

Gundi ya kopo ni jambo jingine. Huko Istanbul, Uturuki, mafundi wa viatu na mikoba walitumia gundi yenye benzini, dawa ya kuyeyushia, katika vyumba vidogo visivyopitisha hewa. Mwaka 1974 Dakta Muzaffer Aksoy na wenzake walieleza habari za mafundi 26 waliopatwa na saratani ya damu. Wenye viwanda husema harufu huzoeleka. Kuzoea si kinga.

Tayari mwaka 1971 Shirika la Kazi Duniani lilikuwa limepitisha Mkataba Na. 136: penye dawa nyingine isiyodhuru au yenye madhara kidogo, itumike hiyo badala ya benzini, na mama mjamzito au anayenyonyesha asifanye kazi penye benzini. Kopo likija bila maelezo ya yaliyomo, mjumbe wa chama aulize kabla halijafunguliwa.