Kupokea stajiere ku kazi: mambo ya kupanga mbele ya siku ya kwanza

Kila mwaka, wanafunzi wanaokaribia kumaliza masomo ya ufundi na ya afya, hapa Likasi na kandokando ya ziwa Tshangalele, wanapiga hodi huku na kule na barua ya masomo mu mukono. Wanatafuta staji. Wamoja wanaambiwa: «Nafasi hakuna.» Wengine wanapokelewa, halafu mwezi muzima unapita mu kuteka maji, kufagia na kutumwa ku soko. Mwishoni wanapewa karatasi yenye stempu, lakini kazi yenyewe hawakuigusa.

Si kila mara ni roho mbaya ya wakubwa wa kazi. Mara nyingi hakuna mutu aliyekaa chini na kupanga. Garaji, kituo cha afya, fundi wa kuunga vyuma, chama cha wavuvi, wote wanaweza kupokea stajiere. Namna gani?

Andika kazi atakazojifunza. Tano au sita zinatosha. Tuseme garaji ya mota za bwato: wiki ya kwanza, kujua vyombo na kusafisha buji, wiki ya pili, kufungua na kufunga kabiratere, wiki ya ine, kutafuta mwenyewe kwa nini mota inakataa kuwaka, fundi akimuangalia. Kufagia si haya, hata fundi anafagia. Ubaya ni kufagia tu.

Chagua mutu mumoja wa kumufuata. Ukisema «wote watamusaidia», hakuna atakayemusaidia. Mutu huyo ajue mbele, na apunguziwe kazi kidogo. Fundi mumoja anaweza kufuata stajiere wawili, kumi hawezi.

Kubalianeni kwa maandishi na masomo. Tarehe, saa za kuingia na kutoka, nani analipa usafiri na chakula, nani anamupeleka ku hospitali akiumia. Kama kuna feza ya kulipa, iandikwe humo, na muzazi apewe risiti. Na tusichanganye: staji ya masomo si ule mukataba wa kujifunza kazi, wenye Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inauwekea kanuni zake.

Usalama kwanza. Wanafunzi wengi wa humanités hawajafikisha miaka 18. Sheria ya ulinzi wa mutoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kuwatia mu kazi za hatari. Basi, hapana kumuacha peke yake karibu na asidi, umeme wa nguvu ao shimo la madini. Akipanda bwato, avae jile. Kofia na mabuti, mwenye kazi avitafute mbele. Asingojee mutoto aumie.

Fuatilia kila wiki. Stajiere aandike mu kaye yake alichofanya, na mwenye kumufuata atie sinyatire. Katikati ya staji, mwalimu afike aone kwa macho. Karatasi ya mwisho isiandike tu «alikuwa hapa». Iseme anajua kufanya nini. Hapo, mwenye kutafuta mufanyakazi kesho atakuwa na kitu cha kuamini.

Mwenye kazi naye anapata faida: anamujua kijana mbele ya kumuandika kazi, anaona kama anafika ku saa na kama anauliza.

Tuangalie Mwadingusha. Baraji yake ndiyo ilizaa ziwa letu, na santrali yake ya umeme ilianza kazi mwaka 1930. Mashine zake sita zilifanywa upya, na tangu 2021 zinaweza kutoa megawati 78. Mashine kama hizo zinaomba mikono yenye kujua kazi kila siku, kwa miaka mingi. Mikono hiyo inaweza kutoka ku vijiji vya hapa, kama watoto wetu wanafunguliwa mulango wa kujifunza.

Kama una karakana yenye wafanyakazi watatu tu, anza na stajiere mumoja. Ita prefe wa masomo ya karibu mukae pamoja, muandike karatasi ile mbele ya mutoto kufika.