Kwa Nini Askari Anawageuzia Wakubwa Wake Bunduki

Juma hili tunazungumza juu ya kitu ambacho wengi wetu tumekijua kwa kukikimbia, hatukukaa kitako tukajiuliza kinatoka wapi. Ni uasi wa askari.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Kwetu neno hili “uasi” limebebeshwa mizigo mingi. Kikundi kikiingia porini na kushika vijiji, tunasema uasi. Mkubwa wa jeshi akimwondoa rais, wengine wanasema uasi, kumbe hayo ni mapinduzi. Leo ninasema juu ya uasi wa kambini: askari wa serikali, wenye mavazi ya serikali na silaha za serikali, wanakataa kwa pamoja kuwatii wakubwa wao. Askari mmoja akikataa amri, huo ni utovu wa nidhamu. Kambi nzima ikikataa, bunduki mkononi, hapo ndipo uasi. Ukisikia habari kesho, uliza kwanza ni kipi kati ya hivyo vitatu, maana dawa yake si moja.

Jambo hili halikuanza jana. Jeshi la kwanza la nchi yetu, Force Publique, liliundwa katika miaka ya 1880, wakati wa Mfalme Léopold II. Kazi yake ilikuwa kuteka nchi na kuvilazimisha vijiji kutoa mpira na pembe za tembo, na askari wake wengi walichukuliwa kwa nguvu. Julai 1895 askari wa Luluabourg, ndiyo Kananga ya leo, walimuua mkubwa wao, Kapteni Pelzer. Wengi wao walikuwa watu wa Ngongo Lutete, chifu aliyewasaidia Wabelgiji katika vita vya Maniema, kisha Wabelgiji hao hao wakamwua kwa risasi mwaka 1893. Ongeza juu yake mjeledi wa ngozi ya kiboko na matumbo matupu. Mwaka 1897 askari wengine wakaasi wakiwa njiani kuelekea Nile chini ya Baron Dhanis, na ilichukua miaka kuwamaliza.

Sikilizeni neno hili. Wazungu waliyaita hayo yote maasi ya Watetela, ingawa walioasi walitoka katika makabila mengi. Ukiliweka kosa juu ya kabila, huna haja tena ya kuuliza juu ya mjeledi. Ujanja huu ungali unatumika, na sisi wenyewe tunautumia.

Mwaka 1944 Luluabourg iliwaka tena. Safari hii askari walishuku kwamba chanjo waliyotakiwa kupigwa ilikuwa na sumu. Unaweza kucheka, lakini mtu aliyedanganywa miaka mingi juu ya mshahara wake, kwa nini aamini sindano yako?

Sasa tufike 1960, maana hapo ndipo mlango ulipovunjika. Siku ya uhuru, Juni 30, jeshi lilikuwa na askari kama 25,000 Wakongomani na maofisa kama 1,000, wote Wazungu. Hakuna Mkongomani hata mmoja aliyekuwa luteni. Karani alikuwa amekuwa waziri, mwalimu amekuwa mbunge, lakini sajini alibaki sajini, na yule Mzungu aliyemwita “wewe” jana alimwita “wewe” leo. Julai 5, Jenerali Janssens, mkubwa wa jeshi, aliwakusanya wasaidizi wake Wakongomani pale Léopoldville, akaandika ubaoni kwa Kifaransa kwamba kabla ya uhuru ni sawasawa na baada ya uhuru. Alidhani anarudisha nidhamu. Jioni ile ile kambi ya Thysville, Mbanza-Ngungu ya leo, ilikuwa mikononi mwa askari. Maofisa walifungwa, familia zao zikateswa, na wanawake wakanajisiwa. Hilo tusilifiche eti kwa sababu askari walikuwa na haki ya kulalamika.

Waziri Mkuu Lumumba alipandisha kila askari cheo kimoja. Haikutosha. Akamwondoa Janssens, na Julai 8 Victor Lundula, burgumesta wa Jadotville, yaani Likasi, akawekwa kuwa mkubwa wa jeshi, na Joseph Mobutu akawa msaidizi wake mkuu. Julai 10 askari wa Ubelgiji wakaingia bila kuitwa na serikali. Julai 11 Tshombe akatangaza Katanga imejitenga. Julai 14 Umoja wa Mataifa ukaamua kutuma majeshi yake. Hesabu mwenyewe: toka ubao ule hadi nchi kukatika ni siku sita. Na yule msaidizi mkuu alitwaa madaraka Septemba mwaka ule, akarudia Novemba 1965, akakaa miaka 32.

Labda utasema ni laana ya Kongo. Hapana. Januari 1964, jirani zetu Tanganyika, Uganda na Kenya walipatwa na jambo lile lile katika juma moja: askari walidai mshahara na kuondolewa kwa maofisa Waingereza. Nchi zote tatu ziliita askari wa Uingereza kuzima moto. Lakini Tanganyika haikuishia hapo: Nyerere alivunja jeshi lile lililoasi, akajenga lingine upya. Sisi tulibadili jina la jeshi na vyeo vya mabegani, tukaacha ndani kama palivyokuwa.

Tulionyeshwa matokeo yake mwaka 1991. Wakati ule Mobutu alikuwa na jeshi mbili ndani ya moja: kikosi cha kumlinda rais, kilicholipwa vizuri, na wengine walioachiwa artikle 15, yaani jitafutie mwenyewe. Septemba 23 askari wa parashuti wa kambi karibu na uwanja wa ndege wa Ndjili walitoka wakidai mshahara. Wakafika madukani, na raia wakawafuata. Karibu kila mwenye umri anakumbuka, kama si Kinshasa basi Lubumbashi, Kolwezi au Kisangani: friji kichwani, mabati yakitolewa juu ya paa, viwanda vikiachwa kuta tupu. Nalisema bila kumpendeza mtu: askari walivunja mlango, lakini wengi wetu tuliingia. Na kazi zilizokufa siku zile zilikuwa zetu.

Mwaka 1993 mambo yalikuwa ya ajabu zaidi. Serikali zilikuwa kama mbili. Mobutu alitoa noti ya zaire milioni tano. Waziri Mkuu Tshisekedi akasema noti ile si halali. Mwisho wa Januari askari wa Kinshasa walilipwa kwa noti zile. Askari anakwenda sokoni na mshahara wake mfukoni, mama anayeuza fufu anaziangalia, anakataa. Mama hana kosa, atapeleka wapi karatasi hiyo? Askari naye ana watoto wanaomngoja kambini. Wakubwa wawili wanashindana juu, na chini wanakutana mwenye bunduki na mwenye kikapu. Januari 28 risasi zikalia. Mamia walikufa, na balozi wa Ufaransa akiwa mmoja wao.

Watu husema askari wanaasi kwa sababu ya njaa. Njaa peke yake haitoshi. Askari wetu wamevumilia njaa miaka mingi bila kuasi. Ukiangalia vizuri, kuna mambo mengine juu yake: ahadi iliyovunjwa, dharau ya wazi, na habari inayokimbia kuliko mkubwa anayeweza kuieleza, yaani radio trottoir. Tena kuna wizi. Kwa miaka mingi mshahara ulipitia mikononi mwa makamanda wenyewe. Kamanda aliorodhesha majina ya waliokufa na wasiozaliwa, akapokea fedha zao, na za walio hai akazipunguza. Tangu 2005, kwa msaada wa Umoja wa Ulaya, kazi ikaanza ya kutenganisha njia ya amri na njia ya mshahara: kuhesabu askari kwa alama za vidole, kumpa kila mmoja kadi, baadaye kupitisha malipo benki. Mimi naona kazi hiyo, ambayo hakuna anayeipigia ngoma, imezuia maasi kuliko hotuba nyingi. Lakini kadi haimfikishii chakula askari aliye mstari wa mbele, na ahadi mbaya hazijaisha.

Kuna pia uasi unaopata mwenyeji. Aprili 2012 askari katika Kivu ya Kaskazini waliacha jeshi wakisema mapatano ya Machi 23, 2009 hayakutimizwa. Ndipo jina M23 lilipotoka. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba walisaidiwa na Rwanda; Rwanda ilikana. Tunalolitambua hapa ni hili: malalamiko ya kambini yakipata silaha za nje na ardhi ya kushika, hayawi tena malalamiko ya kambini. Ni vita, na kulipa mshahara peke yake hakuvimalizi.

Na sheria inasema nini? Sheria ya adhabu za kijeshi ya Novemba 18, 2002 inaadhibu uasi kwa ukali, na adhabu ya kifo imo ndani yake; tangu Machi 2024 serikali imeondoa zuio la kuitekeleza. Mama mwenye mtoto jeshini, mwambie hilo. Katiba ya 2006, kifungu cha 188, inasema jeshi ni la taifa lote, liko chini ya mamlaka ya kiraia, na anayeligeuza kwa faida yake anafanya uhaini mkubwa. Kumbe kosa haliko kwa askari wa chini tu. Na kifungu cha 28 kinasema hakuna anayelazimika kutimiza amri iliyo wazi kwamba inavunja sheria. Askari anayeamriwa kuwapiga risasi raia wasio na silaha, akikataa, si mwasi. Lakini kifungu hicho hakimpi ruhusa ya kuchukua bunduki kudai mshahara.

Wake wa askari wameniuliza: mume wangu akinyimwa mshahara miezi mitatu, apeleke wapi neno lake bila kuitwa mwasi? Ni swali zito, na linataka jibu la hatua kwa hatua: mkubwa wake wa karibu, ofisi ya auditora ya kijeshi, na namna ya kuandika barua. Juma lijalo, saa ile ile, tutaanzia hapo. Mwenye karatasi ya malipo au barua iliyokataliwa aje nayo, jina tutalifunika.