Nungwi na Paje: Shauri kwa Msafiri wa Bara

Mtu wa Ihanja, au wa pembe yoyote ya Singida yetu hii yenye mawe makubwa na mvua haba, akishauza alizeti yake na kuazimia kwenda kupumzika Unguja pamoja na ahali zake, aghalabu hukabiliwa na swali moja kutoka kwa kila anayeambiwa habari za safari hiyo: atafikia Nungwi au Paje? Na hao wanaomshauri, ambao wengi wao wameijua pwani kwa picha tu, humsifia weupe wa mchanga na uzuri wa vyumba, sifa ambazo pande zote mbili zinazo bila ya upungufu, ilhali jambo linalozitenga pwani hizo halionekani katika picha hata moja, nalo ni mwendo wa maji.

Sisi tumezoea maji yasiyohama. Ziwa Singidani, ijapokuwa lina chumvi, hupanda na kushuka kwa miaka kwa kufuata mvua, na mtu aliyeliona asubuhi hatarajii kulikuta jioni limeondoka. Bahari ya Hindi hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa karibu saa 25, ndiyo maana kila siku wakati wa maji huchelewa kwa kadiri ya dakika 50 kuliko jana yake. Na pale Unguja, siku za bamvua, yaani siku za maji makubwa, tofauti baina ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa hufikia yapata mita nne, kina cha kuwazamisha watu wawili waliopandana mabegani. Kiasi hicho cha maji kikiondoka, hapana budi kitaacha kitu wazi, na kitakachoachwa wazi hutegemea umbo la ardhi iliyo chini yake. Hapo ndipo Nungwi na Paje zinapofarikiana.

Paje iko kusini-mashariki, yapata kilomita 50 kutoka Zanzibar Mjini, na imeelekea bahari kuu. Mbele yake, mbali na ufuo, umepita mwamba wa matumbawe ulio kama ukuta, ambao mawimbi makubwa huvunjikia juu yake na kutoa ngurumo isiyokoma usiku na mchana; na baina ya mwamba huo na mchanga wa pwani pametandaa uwanda mpana wa maji mafupi. Maji yakijaa, uwanda huo huwa na rangi ya kijani kibichi ya kupendeza mno, na mtu huogelea kwa raha. Yakikupwa katika bamvua, uwanda wote hubaki mchanga, vidimbwi na majani ya baharini, na mgeni aliyefika usiku akalala kwa sauti ya mawimbi hufungua mlango saa nne asubuhi akaona bahari imekuwa mstari mweupe kwenye upeo wa macho. Nimewasikia wageni wakilalamika kwamba wamedanganywa. Hawakudanganywa, hawakuelezwa tu kwamba mwezi wazisimamia saa za pwani ile, na kwamba saa hiyo hiyo wanayoiona ya hasara ndiyo saa ya kazi kwa wenyeji.

Maana mwaka 1989 ndipo kilimo cha mwani cha biashara kilipoanza hapo Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino, na wengi mno wa walioshika kazi hiyo ni wanawake. Ardhi ya upande huo ni maweni, mawe ya matumbawe yenye udongo mwembamba usiostawisha mazao kama udongo wa magharibi ya kisiwa, basi shamba lao likawa baharini. Maji yakishatoka, huonekana wakishuka wamejifunga kanga, na vigingi, na kamba zilizofungiwa vijitawi vya mwani kimoja kimoja kwa nyuzi ndogo wanazoziita taitai. Kamba hukazwa baina ya kigingi na kigingi, na baada ya wiki sita hivi mwani huvunwa, ukaanikwa, ukatiwa katika magunia. Kutokana na mwani huo hutolewa utomvu unaogandisha dawa za meno, aiskrimu na vipodozi katika nchi za mbali. Bei ni ndogo, na joto la maji lililozidi miaka hii limeiua sana ile aina yenye thamani zaidi. Kwa hiyo namsihi msafiri apitaye uwandani asikanyage kamba hizo wala asiruke juu yake kwa ubao na tiara la upepo, mchezo uliojaa Paje siku hizi, kwani kamba moja iliyokatika ni riziki ya nyumba ya mtu.

Nungwi ni habari nyingine. Iko katika ncha ya kaskazini kabisa, yapata kilomita 60 kutoka mjini, na ufuo wake wa magharibi, pamoja na Kendwa iliyo jirani yake, hauna uwanda wa maji mafupi mbele yake. Sakafu ya bahari hapo huteremka upesi, hivyo maji yakikupwa hurudi nyuma hatua chache tu, na mtu huweza kuoga takriban saa yoyote apendayo. Kwa mzazi mwenye siku chache na watoto wanaodai bahari tangu alfajiri, hilo ni fadhila kubwa. Lakini ajihadhari: kina huongezeka ghafla, na mtoto wa bara asiyejua kuogelea hafai kuachwa peke yake hapo hata kwa dakika moja, hali Paje wakati wa maji kupwa angetembea eneo kubwa pasipo kulowa magoti. Tena, kwa kuwa ufuo huo umeelekea magharibi, jua huchwea baharini, ambapo Paje hulitazama likichomoza.

Maji hayo ya saa zote ndiyo yaliyoijaza Nungwi watu. Hoteli zimesongamana baina ya kijiji na bahari, muziki ni mwingi, na bei za chakula ufuoni zimepanda kufuata mifuko ya wageni wa ng'ambo, ambao Zanzibar yote iliwapokea zaidi ya 700,000 mwaka 2024. Hata hivyo yeyote atakayejitenga na viti vya ufuoni atawakuta mafundi wa majahazi, ambao ndio fahari ya Nungwi ya tangu na tangu, wakichonga mbao kwa tezo, wakitoboa kwa keekee inayozungushwa kwa upinde, na kushindilia kalafati katika maungio, pasi na ramani ya karatasi. Kule Mnarani nako lipo bwawa la maji ya bahari ambamo tangu mwaka 1993 wenyeji wamekuwa wakiwatunza kasa na ng'amba walionaswa nyavuni.

Mimi, nikipewa hiari, huchagua Paje, na sababu yangu ni kwamba pale bahari humfundisha mtu mambo, hali Nungwi humstarehesha tu. Lakini simlaumu anayetaka kustareheshwa baada ya mwaka mzima wa jembe au wa chaki.

Upepo nao una neno lake. Kusi, avumaye kwa nguvu zaidi kati ya Juni na Septemba, huipiga Paje usoni, ilhali ufuo wa magharibi wa Nungwi hujificha nyuma ya kisiwa. Kaskazi huja Desemba hadi Machi pamoja na joto, na hapo ncha ya Nungwi ndiyo hupokea upepo. Aprili na Mei ni masika. Vyumba huwa rahisi, mvua huwa nyingi.

Kufika si shida: basi hadi Dodoma, treni ya umeme hadi Dar es Salaam, boti ya saa mbili hivi hadi bandari ya Malindi, kisha daladala namba 116 kwa Nungwi, au 324 iendayo Bwejuu kwa kupitia Paje. Mtanzania achukue kitambulisho chake ili alipe nauli ya mwenyeji, na ile bima ya dola 44 iliyowekwa tangu Oktoba 2024 ni ya wageni wa nchi za nje, haimhusu.

Lililobaki ni tarehe, nazo zihesabiwe kwa mwezi mwandamo. Bamvua huwa kati ya tarehe 1 na 3, kisha 15 hadi 17, na siku hizo maji ya Unguja hukupwa yapata saa nne asubuhi na kujaa yapata saa kumi alasiri. Anayetaka kuwaona wakulima wa mwani na kutembea uwandani aende Paje wakati huo, avae viatu kwa ajili ya samaki aitwaye taa na wadudu weusi wa miiba, na aanze kurudi pwani mara aonapo maji yanageuka, kwa sababu huyajaza kwanza mabonde yaliyo nyuma yake. Anayetaka kuogelea Paje asubuhi achague maji mafu, tarehe 8 hadi 10 au 22 hadi 24, ambapo bahari hujaa yapata saa nne asubuhi na haiendi mbali inapokupwa. Wa Nungwi aende tarehe yoyote.