Kiitaliano cha ufuoni kipeleke hadi Google

Vijana wengi wa boti Malindi wanabonga Kiitaliano kama wamezaliwa Roma. Lakini kurasa zao mtandaoni? Kimombo kitupu. Mteja aliye Milano anaandika "gita in barca Malindi", yaani safari ya boti, na Google inamletea wengine.

Matokeo yenye alama ya tangazo yamelipiwa. Hayo mengine hayauzwi, yanatolewa jasho. Tumia maneno anayoandika mteja, eleza safari ya Marine Park kwa kina, hakikisha ukurasa unafunguka chapchap kwenye simu. Sajili biashara kwenye ramani ya Google, ni bure, kisha waombe wateja maoni.

Subira muhimu, huchukua hata miezi. Ukilala, dalali wa mtandaoni atakuletea mteja huyo huyo, akate kamisheni yake.